Swichi imepata toleo jipya na komandi zimebadilika: mwongozo kamili wa kuvuka bila kupoteza konfigi

Swichi ya mtandao ikiwaka na toleo jipya la programu yake haigomi kwa sababu ya komandi isiyoijua. Inasoma konfigi iliyosevuliwa mstari kwa mstari, inayoielewa inaichukua, isiyoielewa inairuka, afu inaendelea kuwaka kama kawaida na taa zote kijani, wewe unaona kazi imeisha. Mstari uliorukwa unaweza kuwa ule wa RADIUS (seva inayothibitisha anayeingia), au wa kipaumbele cha sauti kwenye simu za mezani, na hutajua mpaka mtu apige simu kulalamika.

Sasa ubaya wenyewe unakuja pale unapoandika `write memory` (komandi ya kusevu) kwa mazoea. Mpaka dakika hiyo mstari uliorukwa ulikuwa bado upo kwenye startup-config, yaani konfigi iliyosevuliwa, hai kabisa, ukisevu tu umeufuta na huko. Kwa hiyo ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu isome hii: usisevu kabla hujalinganisha. Mengine yote ni namna ya kufika hapo ukiwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Nitatumia zaidi Cisco manake ndiyo imejaa kwenye makabati, ila Junos (ya Juniper), Cumulus na Arista nitazigusa pia.

Jua kwanza komandi inabadilikaje

Kuna inayobadilishwa jina tu. `show mac-address-table` ya zamani ikawa `show mac address-table`, kistari kimoja kimeondoka, mtu hapati hasara yoyote ila skripti yake inakufa. Kundi hilohilo kuna `spanning-tree portfast` ambayo matoleo mapya yanaipokea yenyewe na kuiandika `spanning-tree portfast edge`, wewe hugusi kitu.

Kuna inayobadilishwa umbo zima. RADIUS ndiyo mfano mzuri. Zamani ulikuwa unaandika mstari mmoja:

```
radius-server host 192.0.2.10 auth-port 1812 acct-port 1813 key NENOSIRI
```

Sasa ni hivi:

```
radius server RAD1
 address ipv4 192.0.2.10 auth-port 1812 acct-port 1813
 key NENOSIRI
```

Na ukiwa na `aaa group server radius`, ndani yake unaita `server name RAD1` badala ya kuweka IP moja kwa moja. TACACS, mwenzake RADIUS, nayo imefuata njia hiyohiyo, `tacacs-server host` imepisha `tacacs server`. Angalia hapo namba za poti pia, usipozitaja Cisco inatumia 1645 na 1646 wakati seva nyingi za RADIUS zinasikiliza 1812 na 1813, sasa wakati wa kuandika upya ni rahisi sana kuzisahau afu ukaanza kulaumu toleo jipya.

Kuna inayoondolewa kabisa kwa sababu haihitajiki. `switchport trunk encapsulation dot1q` kwenye Catalyst za zamani kama 3560 na 3750 ilikuwa lazima, bila hiyo swichi inakataa `switchport mode trunk` (poti ya kubeba VLAN nyingi, yaani mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi) kwa sababu ilikuwa inajua pia ISL, njia nyingine ya kutia alama za VLAN. Catalyst 9000 inajua dot1q peke yake, kwa hiyo mstari huo ukiupesti inaukataa na hamna hasara yoyote. Wala usihangaike nao.

Halafu kuna aina ya mwisho, hii ndiyo ya kuogopa: komandi ipo vilevile au haipo kwenye konfigi kabisa, ila difolti imebadilika. Konfigi ya kawaida haionyeshi vitu vilivyoachwa kwenye difolti, kwa hiyo ukilinganisha `show running-config` (konfigi inayotumika sasa hivi) ya jana na ya leo hutaona tofauti hata moja na swichi inafanya kitu tofauti. Mfano, Catalyst za zamani difolti ya spanning-tree (kinga ya mizunguko kwenye mtandao) ilikuwa PVST+, za sasa ni Rapid PVST+. QoS (upangaji wa kipaumbele) pia, kwenye 2960 na 3750 ukiwasha `mls qos` bila kuweka `mls qos trust dscp` kwenye poti, swichi inafuta alama za kipaumbele (DSCP) za pakiti zinazoingia, ila kwenye IOS XE, programu ya Catalyst mpya, `mls qos` haipo kabisa, poti zinaamini alama bila kuambiwa, na kipaumbele unakipanga kwa `class-map` na `policy-map`. Mtu anayehamisha konfigi ya 3750 kwenda 9300 anaona mistari ishirini ya `mls` imekataliwa, anasema aah alama si zinapita, anaenda zake. Zinapita kweli, lakini ile foleni ya kipaumbele haijapangwa na mtu yeyote.

Soma maelezo ya toleo, yote ya katikati

Ukitoka toleo moja kuruka mengine matatu, usisome maelezo ya la mwisho tu, manake komandi iliyoondolewa katikati haitajwi tena huko mwisho. Fungua kila moja na utafute maneno `deprecated`, `removed`, `replaced` na `no longer supported`. Dakika kumi zinatosha. Hilo la kwanza mara nyingi maana yake komandi bado inafanya kazi lakini siku zake zinahesabika, na mara nyingine imefichwa, yaani ukibonyeza alama ya kuuliza haionekani ila ukiiandika nzima inakubali. Ukiona hivyo badilisha sasa hivi ukiwa umetulia, usingoje toleo litakaloikata.

Na angalia komandi ya kupandisha toleo yenyewe, maana nayo inabadilika! 2960-X inatumia `archive download-sw`. 3850 ilianza na `software install`, ikaja `request platform software package install`, ikaja `install add`. Swichi ileile. Mwongozo uliouhifadhi mwaka ule unaweza usifanye kazi kwenye swichi unayoishika leo, kwa hiyo fuata maelekezo ya toleo ulilopo, siyo ya toleo unakokwenda.

Chukua picha ya hali ilivyo

Hapa usibane. Washa kurekodi kwenye terminali yako, andika `terminal length 0` ili isikatekate, afu toa hizi zote:

```
show version
show running-config
show running-config all
show vlan brief
show interfaces status
show interfaces trunk
show etherchannel summary
show spanning-tree summary
show cdp neighbors
show lldp neighbors
show power inline
show mac address-table count
show ip route summary
```

Hiyo `show running-config all` ndiyo inayoonyesha na difolti, ni ndefu mno na hakuna anayeisoma yote, ila ndiyo itakayokuokoa kwenye ile aina ya nne niliyosema hapo juu. Kama una OSPF au BGP (itifaki za kutafuta njia) ongeza majirani wake.

Sevu konfigi, kisha ikopi sehemu mbili, moja flash na nyingine nje ya swichi kabisa:

```
copy running-config startup-config
copy running-config flash:kabla-ya-apdeti.cfg
copy running-config tftp:
copy flash:vlan.dat tftp:
```

Faili la `vlan.dat` watu wanalisahau sana. Kama VTP (inayosambaza VLAN kati ya swichi) iko kwenye hali ya server au client, VLAN zako haziandikwi kwenye running-config, zimekaa humo ndani, na bakapu ya konfigi peke yake hairudishi hata VLAN moja.

Hakikisha hutafungiwa nje

Kabla ya kugusa chochote hakikisha kuna mtumiaji wa ndani ya swichi na kwamba mstari wa AAA (uthibitishaji wa wanaoingia) una pa kukimbilia:

```
aaa authentication login default group radius local
```

Bila hilo neno `local` mwishoni, mstari wa RADIUS ukirukwa wakati wa kuwaka na wewe umerukwa nao. Jaribu kabisa kuingia na huyo mtumiaji wa ndani, usiamini tu kwamba yupo, paswadi za dharura zina tabia ya kutojulikana na mtu siku zinapohitajika.

Kingine ni SSH, ile ya kuingia kwenye swichi kwa mbali. Matoleo mapya yanaendelea kukataa funguo fupi na algorithimu dhaifu. Kama swichi ina ufunguo wa RSA wa biti 1024, tengeneza wa 2048 kabla:

```
crypto key generate rsa modulus 2048
```

Na upande wa laptopu yako vilevile, OpenSSH tangu toleo 8.8 la 2021 imezima saini za ssh-rsa zinazotumia SHA-1, kwa hiyo mkikosa kuelewana wewe na swichi usikimbilie kusema swichi imekufa, soma ujumbe wa kosa kwanza, unataja kabisa wamekosana kwenye nini.

Kebo ya konsoli iwepo. Kama uko mbali awepo mtu pale au seva ya konsoli, la sivyo ahirisha.

Pandisha, lakini usithibitishe haraka

Kagua faili kwanza, fananisha na namba iliyoandikwa kwenye ukurasa ulipoipakulia:

```
verify /md5 flash:JINA-LA-FAILI.bin
```

Kwenye Catalyst 9000 ukiwa kwenye install mode, wengi wanapenda ule mstari mmoja wa `install add file ... activate commit`. Unafanya kazi, mimi siupendi. Ugawanye:

```
install add file flash:JINA-LA-FAILI.bin
install activate auto-abort-timer 60
```

Hapo swichi inariboti na toleo jipya, na una dakika 60 za kukagua. Usipoandika `install commit` ndani ya muda huo inarudi yenyewe kwenye toleo la zamani. Ukiwa umefungiwa nje huhitaji kumpigia mtu simu usiku, unasubiri tu. Ukiandika `show install summary` utaona toleo lina U, yaani limeamilishwa lakini halijathibitishwa, na baada ya kuthibitisha linakuwa C.

Wakati inawaka kaa kwenye konsoli na urekodi kila kitu. Hapa ndipo swichi inakwambia ilichokikataa, mstari unatokea, chini yake kuna kimshale na maneno haya:

```
% Invalid input detected at '^' marker.
```

Kimshale kinaonyesha neno gani hasa limekwama. Kikiwa chini ya neno la kwanza, komandi nzima haipo. Kikiwa katikati, komandi ipo ila hilo neno limehama au limebadilishwa, hapo bonyeza alama ya kuuliza mahali hapohapo uone inataka nini. Haya maneno yanapita mara moja tu, ukiingia kwa SSH baadaye huyakuti.

Linganisha

Swichi imewaka, umeingia, vidole vinawasha kuandika `wr`. Subiri.

```
show archive config differences nvram:startup-config system:running-config
```

Mistari yenye alama ya kutoa ipo kwenye startup lakini haipo kwenye running, yenye alama ya kujumlisha ni kinyume chake. Sasa usihesabu kila alama ya kutoa kuwa hasara. Tafuta mwenzake wa kujumlisha karibu. Mfano utaona:

```
interface GigabitEthernet1/0/5
  +spanning-tree portfast edge
interface GigabitEthernet1/0/5
  -spanning-tree portfast
```

Huo umebadilishwa jina tu, pita. Ila ukiona kitu kama `-radius-server host 192.0.2.10` na hakuna kilichoongezeka mahali popote, huo umepotea, uandike upya kwa umbo jipya. Utakaokuta una alama ya kutoa na hauna mwenzake ni wa aina mbili tu, uliopotea kweli au ambao hauhitajiki tena kama ule wa encapsulation, na kuamua ni upi ni kazi yako, hakuna zana itakayokuamulia.

Baada ya hapo linganisha `show running-config all` mbili kwenye laptopu kwa programu yoyote ya kutofautisha mafaili. Zitakuja tofauti nyingi za ovyo. Anza na spanning-tree, kisha storm-control, errdisable, lldp, ip http, ssh na snmp, hapo ndipo difolti zikihama zinauma.

Mwisho rudia zile `show` zote za mwanzo. Poti zilizokuwa juu ziko juu? EtherChannel (poti zilizounganishwa kuwa kiungo kimoja) zina wanachama wote? Simu na kamera zinapata umeme? Idadi ya anwani za MAC isiwe imeshuka vibaya, ingawa ipe dakika chache ijaze.

Marekebisho yanayoweza kukukata mwenyewe, kama ya trunk inayokubeba au AAA, yafanye na saa ya kurudi nyuma. Inahitaji `archive` iwe imewekewa `path`, afu:

```
configure terminal revert timer 10
```

Usipoandika `configure confirm` ndani ya dakika kumi inarudisha ilivyokuwa. Swichi isiyo na kitu hiki tumia `reload in 10` na `reload cancel`, ni ya kizamani ila inafanya kazi, na inategemea kwamba hujasevu.

Yakikaa sawa yote: `install commit`, ndipo `write memory`. Kwa mpangilio huo.

Wasiotumia Cisco

Junos ina adabu zaidi, sintaksia isiyojulikana `commit` inaikataa wazi, na `commit confirmed 10` ipo miaka yote. Kinachosumbua ni ELS, sintaksia mpya ya swichi za Juniper. Ukitoka EX2200 au EX4200 kwenda EX2300, EX3400 au EX4300 utakutana na haya:

```
zamani: set interfaces ge-0/0/1 unit 0 family ethernet-switching port-mode trunk
sasa:   set interfaces ge-0/0/1 unit 0 family ethernet-switching interface-mode trunk

zamani: set vlans wageni l3-interface vlan.20
sasa:   set vlans wageni l3-interface irb.20
```

Kila `interfaces vlan unit 20` inakuwa `interfaces irb unit 20`, `native-vlan-id` inapanda kutoka ndani ya unit kwenda kwenye interface yenyewe, na lile fungu zima la `ethernet-switching-options` linasambaratishwa, vipande vyake vinahamia sehemu mbalimbali. Zile mbili za kwenye mfano unaweza kuzibadilisha kwa tafuta-na-weka, hilo fungu la mwisho likae mbele ya macho ulihamishe kwa mkono.

Cumulus Linux ndiyo waliovunja kabisa. Toleo la 5.0 liliachana na NCLU, zile `net add` na `net commit`, ikabaki NVUE na `nv set`. Mfano `net add bridge bridge ports swp1-2` sasa ni `nv set interface swp1-2 bridge domain br_default`. Siyo jina tu limebadilika, mtindo mzima umebadilika: unaandika, unaangalia kwa `nv config diff`, unatekeleza kwa `nv config apply`, na uhakikishe na `nv config save` imefanyika. Aliyezoea `net commit` anaishia kwenye apply, na kama swichi haijawekwa kusevu yenyewe, ikiriboti anaikuta konfigi ya juzi. Usihangaike kutafsiri konfigi ya zamani mstari kwa mstari, andika upya.

Arista ni wapole. `vrf definition` ikawa `vrf instance`, na kwenye interface `vrf forwarding` ikawa `vrf`, basi. Skripti ndizo za kuangalia.

Skripti na vifupisho

`sh run`, `conf t`, `wr`, mkono umezoea na kwenye kibodi hakuna ubaya. Ndani ya skripti ni ubaya mtupu, kwa sababu kifupisho kinafanya kazi mradi tu hakuna komandi nyingine inayoanza na herufi hizohizo, toleo jipya likiongeza moja unapata `% Ambiguous command` na skripti yako inaendelea kama vile imefanikiwa. Andika komandi nzima, kila mahali.

Skripti zinazosoma matokeo ya `show` kwa kuhesabu safu zikague pia, komandi inaweza kubaki ileile na safu zikaongezeka moja au neno likabadilika herufi. Kama swichi inatoa JSON, itumie, kwenye NX-OS (ya Cisco) na EOS (ya Arista) ni kuongeza `| json`, Junos `| display json`. Na ile mashine inayochukua bakapu za konfigi kila usiku, ifungue asubuhi ya pili uone faili lina ujazo wa kawaida, manake ikishindwa kuingia kwa SSH kwa sababu ya algorithimu mara nyingi inakaa kimya.

Ukilazimika kurudi nyuma

Hapa kuna mtego. Ukishasevu kwa toleo jipya, startup-config imeandikwa kwa lugha mpya. Ukirudisha toleo la zamani, sasa lenyewe ndilo litakaloruka mistari, `radius server RAD1` kwa IOS ya zamani sana ni herufi tu. Kwa hiyo ukirudisha toleo rudisha na konfigi yake, kabla ya kuriboti:

```
copy flash:kabla-ya-apdeti.cfg startup-config
```

Swichi ikikuuliza kama usevu mabadiliko ya running-config jibu hapana, la sivyo unaifunika hiyo uliyoirudisha sekunde chache zilizopita.

Kuna komandi chache za kubadili mtindo ambazo ukizikubali hakuna kurudi kirahisi, kama `device-tracking upgrade-cli` na `authentication convert-to new-style`. Hizo usiziguse siku ya apdeti. Acha swichi ikae wiki kadhaa kwenye toleo jipya kwanza, na `install remove inactive` inayofuta toleo la zamani kwenye flash iache mpaka wakati huohuo.